Kutoka Mombasa Hadi Vijiji vya Milima ya Taita: Mwongozo Kamili kwa Mgeni

Nyanya, kabeji na hoho zinazoshushwa soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, nyingi zimelala njiani zikitoka Milima ya Taita. Watu wa Mombasa tunazila kila siku, lakini milima yenyewe wengi wetu tunaijua kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi la Nairobi, tukikaribia Voi na kuulizana kama kule juu kunakaa watu. Kunakaa Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, tena kwa wingi, kwenye matuta ya mashamba yaliyobebana mpaka mawinguni. Ni safari ya siku mbili ambayo mtu wa kawaida anaimudu bila kuuza kitu.

Nimepanda huko mara kadhaa, peke yangu na kwa makundi, na mara ya kwanza nilifukuzwa. Tulifukuzwa kwa adabu, lakini tulifukuzwa. Dereva tuliyemkodi alituambia anapajua mahali penye mafuvu ya mababu, akatupeleka moja kwa moja, hatujaonana na mzee yeyote. Akatokea babu mmoja na jembe begani, akatuamkia vizuri, akauliza, "Nani amewaita?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukageuza gari. Swali lile ndilo lililonifundisha kupanga safari hii kuanzia mwisho kuja mwanzo: kwanza anayekuita, halafu anayekuongoza, gari baadaye.

Mgeni kutoka ng'ambo huwa na haya ya ugeni. Anauliza kabla ya kukaa, anauliza kabla ya kupiga picha. Sisi, kwa kuwa tunasema Kiswahili na kitambulisho chetu ni kimoja, twaingia boma la mtu kama tunaingia kwa shangazi. Kule juu Kiswahili kinaeleweka na kila mtu, ila Kidawida ndiyo lugha ya nyumbani, na wewe uliyetoka pwani ni mgeni sawa na yule Mjerumani mwenye darubini shingoni.

Kuchagua mlima

Watu husema "Taita" kana kwamba ni mlima mmoja. Kuna Dawida, ndiyo milima mikubwa inayozunguka mji wa Wundanyi, yenye kilele cha Vuria kinachofika mita 2,208. Kuna Sagalla, mlima ulio peke yake karibu na Voi. Na kuna Kasigau, uliosimama kama jiwe la mpaka kusini ya Maungu katikati ya nyika. Wenyeji wa kila mmoja wana usemi wao na historia yao, na Msagalla hapendi kuchanganywa na Mdawida, kama vile Mdigo asivyopenda kuitwa Mgiriama.

Kwa safari ya kwanza nenda Dawida. Usafiri ni rahisi, baridi ni ya kweli, na kwa siku mbili utaona msitu, mashamba na kijiji. Kasigau ni ya anayetaka utulivu. Vijiji vitano vimeuzunguka mlima, Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe, na wanavijiji wamewahi kujenga banda za kulaza wageni zinazosimamiwa na jamii yenyewe. Kina mama wa huko ni mafundi wa vikapu vya mkonge. Ukienda Kasigau, ujue pia habari ya 1915. Wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, wakoloni waliwashuku Wakasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Mzee akianza kuisimulia, funga simu usikilize. Maana sehemu ya hadithi hiyo imezikwa huku kwetu pwani.

Sagalla inamfaa asiyeweza kupanda sana. Chini ya mlima utaona mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya. Ndovu wa Tsavo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Ndovu mwenye ukubwa ule anamwogopa nyuki.

Kutafuta mwenyeji, kisha kiongozi

Hapa ndipo safari inapopona au kufa, kwa hivyo usipaharakishe.

Anza wiki mbili tatu kabla. Mombasa haikosi Mtaita: yuko ofisini kwenu, yuko kanisani, yuko sokoni anauza kabeji. Mwambie unataka kulala usiku mmoja kijijini na kutembea msituni, umuulize nani kwao hupokea wageni. Usipompata, nyumba za wageni za Wundanyi zina simu za viongozi wa matembezi, na vikundi vya kijamii vinavyotunza misitu pamoja na Shirika la Misitu la Kenya vina vijana wanaoijua kila njia. Kiongozi mzuri ni mtu wa kijiji hichohicho au cha jirani. Kampuni ya mjini inaweza kukupa gari zuri, lakini mlangoni kwa mzee atakayebisha hodi ni mtoto wa pale.

Ukimpata, mpigie simu. Ujumbe mfupi hautoshi, sauti ya mtu husema mengi. Muulize mambo haya bila aibu: Ni boma la nani tutakalotembelea, na mwenyewe anajua? Mzee wa kijiji au naibu wa chifu ameambiwa? Tukilipa, nani anapata nini? Kuna mahali ambapo hatutaruhusiwa kufika? Akijibu swali la mwisho kwa "popote mtakapo," mwogope. Kila kijiji kina mahali pasipofikiwa na mgeni, na kiongozi asiyepajua au asiyepaheshimu atakuingiza kwenye aibu kama yangu.

Fedha

Ziulize mafungu mafungu, usikubali jumla moja iliyofumbwa. Kuna malipo ya kiongozi kwa siku, kiingilio cha msitu, chakula na malazi kwa mwenyeji, shukrani ya mzee kama kuna mahali pa mila mtakapopelekwa, na usafiri wa huko juu. Ngoma ikitakiwa, kikundi cha wachezaji kina bei yake, mkubaliane mapema. Mzee na mwenye nyumba walipwe mkononi mwao au kwa M-Pesa yao wenyewe, mbele ya kiongozi. Sisemi viongozi ni wezi. Nasema mama aliyewasha moto tangu saa kumi alfajiri anafurahi kupokea pesa zake kutoka kwa aliyekula chakula chake.

Beba noti ndogondogo. Noti ya elfu kwa ndizi za shilingi hamsini ni adhabu kwa muuzaji. Na ukishakubali bei Mombasa, usianze kuipunguza Wundanyi kwa kuwa umeona nyumba ni ya udongo.

Zawadi ni kitu kingine, haingii kwenye malipo. Sukari, majani ya chai na leso moja nzuri kwa mama mwenye nyumba zinatosha. Pwani leso haijawahi kukosea, na kule juu pia inapokelewa kwa mikono miwili. Peremende za kuwatupia watoto ziache dukani.

Msimu na mizigo

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na wakati huo njia za udongo huwa sabuni. Juni hadi Agosti hainyeshi sana lakini ukungu hauondoki na baridi inauma. Januari na Februari ndiyo miezi myepesi, na Septemba haina ubaya.

Sweta mbili, koti la mvua, raba zenye meno, soksi ndefu. Nimeona watu wa Mombasa wakiteremka Wundanyi na kandambili na kanzu nyepesi, saa moja usiku wanaomba blanketi. Soksi ndefu ni kwa ajili ya siafu: msituni chomeka suruali ndani ya soksi, hata kama unaonekana kichekesho. Beba tochi na pawabenki.

Njiani

Treni ya asubuhi inayosimama vituoni ndiyo inayokufaa. Inaondoka stesheni ya Miritini, Mombasa, saa mbili, na Voi unafika kwa mwendo wa karibu saa mbili. Tiketi unakata kwa simu kupitia *639#, na ukaguzi pale stesheni ni mrefu, kwa hivyo uwe umefika saa moja asubuhi. Hakikisha tiketi imeandikwa Voi, kwa maana treni nyingine hupita Voi bila kusimama. Asiyetaka treni apande basi Mwembe Tayari, apite Mariakani, Samburu, Taru na Maungu. Ni kama kilomita 150, lakini malori ya bandarini ndiyo yatakayoamua utafika lini.

Stesheni ya Voi iko nje ya mji. Chukua tuktuk au boda mpaka stendi, kula kitu, na kama wewe ni Mwislamu swali adhuhuri palepale Voi, misikiti ipo karibu. Halafu matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Barabara hadi Mwatate ni tambarare. Baada ya hapo inaanza kujikunja kama nyoka na masikio yanaziba. Mwenye tumbo jepesi akae mbele na atafune tangawizi.

Ndani ya matatu fanya jambo moja: muombe jirani yako akufundishe salamu ya Kidawida, ya asubuhi na ya jioni, na jibu lake. Itakuchukua dakika kumi na vicheko vya gari zima. Hakuna kitu nilichobeba Taita kilichonifungulia milango kuliko salamu niliyoitamka vibaya.

Kufika kijijini

Kiongozi atakupokea Wundanyi, na kutoka hapo ni boda au gari dogo la Probox. Mkifika bomani simameni nje mpaka muitwe. Kiongozi ataingia kwanza, mtasikia maongezi marefu ambayo hamyaelewi. Ni sawa. Mnatajwa nyinyi, mmetoka wapi, mmekuja kwa nia gani.

Waamkie wazee kwanza, "shikamoo" haijapitwa na wakati kule. Mwenye nyumba muite Mama fulani kwa jina la mwanawe, kiongozi atakuambia. Ukiletewa kigoda, kaa. Ukiletewa chai, kunywa hata kama ndiyo ya tatu. Jitambulishe kwa jina, mtaa na kazi. "Mimi ni fulani wa Likoni, nauza vipuri" huzaa maongezi kuliko "tumekuja kuona utamaduni wenu." Maneno hayo ya mwisho usiyaseme kabisa, ni kama kumwambia mtu umekuja kumkagua.

Kisha toa mkono. Kama ni wakati wa kupalilia, omba jembe. Ukiona mfereji unaopeleka maji shambani, uliza nani anagawa zamu, na utapewa somo refu la siasa ya maji ambalo hutalipata mjini. Matuta unayokanyaga ni kazi ya vizazi, usiruke ukingo wake, zunguka.

Msituni

Ngangao ndio msitu unaofikika kwa urahisi. Mbololo na Chawia ni mingine. Yote ni mabaki ya msitu mkubwa uliofunika vilele hivi kabla ya kukatwa kwa mashamba. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ndefu inayopita Upare, Usambara na Uluguru, na ndiyo sehemu pekee ya safu hiyo iliyo Kenya. Unyevu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi, ule ule unaotutoa jasho Mombasa, ukigonga vilele hivi hugeuka ukungu, miti ikaunasa, maji yakateremka mitoni. Ndiyo maana nyika inayozunguka ni kavu kama mfupa na juu kunalimwa kabeji.

Kwa kuwa misitu hii imetengana na mingine kwa muda mrefu sana, ina viumbe visivyopatikana popote pengine. Yuko ndege anayeitwa kitaalamu Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayechakura majani yaliyoanguka. Mbololo kuna ua dogo la rangi ya zambarau, jamaa wa maua ya chunguni tunayoyaona madirishani. Usiling'oe, hata jani. Tembeeni wachache wachache, semeni kwa kunong'ona, na mfuateni kiongozi kwa mguu. Ndege hao hawaji kwa makelele ya kundi la watu kumi na wawili wanaopigana picha.

Mahali pa mababu

Nimepaacha mpaka sasa kwa makusudi, maana ndipo wageni wengi wanapotaka kuanzia.

Zamani, Wadawida walipomzika mzee, baada ya mwaka au zaidi walifukua fuvu lake na kulihifadhi chini ya mwamba pamoja na mafuvu ya ukoo wake. Dini ya Kikristo ilipoenea desturi hiyo iliachwa, lakini mafuvu mengi bado yako palepale, na kila mwamba una ukoo. Kuna pia vichaka vitakatifu vinavyoitwa fighi, vilivyoaminiwa kulinda nchi dhidi ya maadui. Mtu wa pwani anayejua kaya za Wamijikenda hatapata tabu kuelewa: Kaya Kinondo huingii bila mwongozaji na bila kufungwa kaniki, na huku pia kuna masharti yake.

Omba mapema, usiombe ukiwa umeshafika. Mzee wa ukoo akikataa, maongezi yameisha, usimtume kiongozi arudi na elfu moja zaidi. Akikubali, fuata anavyofanya: akivua kofia vua, akinyamaza nyamaza. Usiguse fuvu, usisogeze jiwe, usiokote kibuyu kilichopasuka. Vitu vya kale Kenya vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, kwa hivyo "kumbukumbu" utakayoweka mkobani inaweza kukupeleka kortini. Kuhusu picha, mimi sipigi kabisa hapo, hata nikiruhusiwa. Nawaza kaburi la bibi yangu Kisauni likiwa kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Pengine mzee atafanya kutasa: atachukua funda la kinywaji, atakipuliza kwa mdomo kama manyunyu huku akitamka maneno ya heri. Ni dua. Si lazima uishiriki, imani yako ni yako, lakini usicheke na usirekodi. Ukiona haifai kwako, mwambie kiongozi mapema utasubiri pembeni, hakuna atakayekasirika.

Chakula na kulala

Chakula cha kuulizia ni kimanga, viazi au mihogo au ndizi mbichi, hupondwa pamoja na maharagwe mpaka iwe kitu kimoja kizito. Ukizoea wali wa nazi utaona kigeni tonge la kwanza. La tatu utaomba sahani ijazwe. Mbangara, pombe ya kienyeji, itapita kwenye kibuyu. Asiyekunywa aseme "nashukuru, situmii" na apokee chai, watu wamezoea.

Waislamu, semeni suala la nyama siku ya simu, msingoje siku ya chakula. Suluhisho letu ni rahisi: tunanunua kuku kwa mwenyeji, mmoja wetu anachinja, mama anapika. Siku za mboga hakuna tatizo.

Mkiomba ngoma ya Mwazindika, mjue kwa wenyewe ni ngoma ya pepo na uponyaji. Mnaweza kuonyeshwa, lakini kaeni kwa adabu ya watu walio kwenye shughuli ya mtu.

Kulala kijijini ni bora kuliko kurudi hotelini Voi. Choo ni cha shimo, maji ya kuoga ni ya ndoo, na yakichemshwa ujue kuna aliyetafuta kuni. Usiku wa pale una giza ambalo mtu wa Mombasa amelisahau. Alfajiri ukungu ukiachana utaona nyika yote ya Tsavo imelala chini yako.

Picha

Uliza uso kwa uso, kila mtu peke yake. Mtoto, muulize mzazi wake, na shuleni usiingie na kamera. Kenya tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, ungependa mwanao awe kwenye ukurasa wa mtu na maneno "watoto wa kijijini"? Droni ina vibali vyake vya anga, na hata ukiwa navyo muulize mzee. Picha ulizoahidi kutuma, zichapishe Mombasa na umkabidhi dereva wa gari la mboga akirudi. Watu hungoja picha hizo miezi.

Kurudi

Toka Wundanyi mapema, isizidi saa tatu asubuhi, ili uwahi treni ya vituoni inayotoka Nairobi na kupita Voi mchana. Jumapili usafiri wa kushuka ni mchache na umejaa, kwa hivyo muagize dereva Jumamosi jioni.

Nunua mboga kwa mwenyeji kabla ya kuondoka, kwa bei atakayosema. Utashangaa jinsi ilivyo ndogo ukilinganisha na unachotoa Kongowea, na unaweza kumuongezea kidogo bila kujionyesha. Ukishuka Miritini, kabla hujatafuta tuktuk, mpigie simu mama mwenye nyumba umwambie mmefika. Atakuuliza kama ndizi zilipondeka njiani.